Karata Mbili Nilizomsomea Mtani Wangu

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu nimekaa miezi minane nikilizunguka neno hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila nilipokaribia kulitaga nilitaga sababu badala yake: nilikuwa natania, kila mtu alicheka, mtu mzima mwenye akili zake hujiamulia mwenyewe. Sababu hizo zote ni za kweli, na kosa bado ni langu.

Jina langu naomba lisitajwe. Dodoma ni makao makuu ya nchi, lakini kwa habari za watu bado ni kijiji, na watakaonitambua kwa kusoma tu watanitambua. Itoshe kusema mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, Mgogo, naishi Area D, na nafundisha mbinu za utafiti katika chuo kimoja hapa mjini. Kila mwaka nasimama mbele ya vijana nawaambia kwamba jogoo akiwika na jua likachomoza, si jogoo aliyelitoa jua. Nalisema kwa madaha, miwani ikiwa imeshuka puani. Kama unataka kunicheka, nicheke hapa, maana huko mbele mimi mwenyewe sikupata pa kuchekea.

Karata zenyewe nilizikuta Majengo, kwenye turubai la mtu anayeuza vitabu na vikorokoro vya mtumba. Zilikuwa ndani ya kasha la kadibodi lililofungwa kwa raba ya nywele, pamoja na kijitabu cha maelezo cha Kiingereza. Muuzaji hakujua ni nini.

"Mama, hizi karata za wazungu ni mbovu," aliniambia kwa uaminifu ambao sijauona sokoni siku nyingi. "Hazina kopa wala shupaza. Zina mapicha tu."

Nilizinunua kwa sababu ya mapicha. Nilijua ni karata za taroti, zile wanazotumia Wazungu kubashiria. Nilizisoma vitabuni nikiwa mwanafunzi, nikazidharau kwa msaada wa vitabu vingine. Nikaenda nazo ofisini.

Zikawa mchezo wetu wa saa nne, wakati wa chai na vitumbua. Mtu anauliza swali, anachomoa karata mbili bila kuziangalia, mimi nazilaza mezani ubavu kwa ubavu na kumsomea. Kijitabu kilisisitiza kwamba karata mbili hazisomwi mojamoja. Ni kama mke na mume walioalikwa pamoja: humjui mmoja mpaka umwone anavyomtazama mwenzake. Ya kwanza inasema jambo, ya pili inalipunguza makali au inalitia chumvi. Neema, katibu muhtasi wetu, alichomoa Malkia na Mpumbavu, nikamwambia mkuu wetu mpya atakuwa mwanamke na yeye Neema ataendelea kuwa yeye. Watu walicheka mpaka wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Nilirudi nyumbani siku hiyo najiona nimeng'aa.

Sasa aje mwenyewe mwenye habari hii. Nitamwita Kitundu, ingawa si jina lake. Ni Mnyamwezi wa Tabora, afisa ugavi wa chuo chetu, rika langu, mume wa Mama Zuhura na baba wa mabinti watatu. Na alikuwa mtani wangu. Kwa asiyejua: babu zake walikuwa wakipita Ugogo na misafara, mizigo kichwani, na babu zangu wakiwatoza hongo kabla ya kuwaruhusu kunywa maji. Ugomvi ule uliisha zamani, umebaki mzaha. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata kukuombea kifo mbele za watu, na sheria ni moja tu, kwamba hukasiriki. Anayekasirika ameshindwa.

Kwa miaka tisa tulitukanana kila asubuhi.

"Mgogo, umefika salama? Nilidhani umeteleza kwenye mlenda wa jana."

"Mbeba mizigo, umelipia maji leo, au nikufungie bomba?"

Mume wangu alipofariki, Kitundu alikuja msibani akajilaza kwenye mkeka wa wafiwa, akagoma kuamka mpaka apikiwe ugali na mimi mwenyewe, kwa sababu, alisema, marehemu alikufa kwa kukimbia mapishi yangu. Nilicheka siku ile. Ni yeye peke yake aliyenichekesha mwezi ule wote. Naomba ujue hivyo, ujue nilikuwa na mtu wa namna gani.

Kitundu alikuwa na ngiri. Tulijua wote, kwa kuwa mwenyewe aliitania kabla hatujaitania sisi. Daktari alikuwa amemwambia apasuliwe mapema, kwamba ni kazi ndogo, lakini akichelewa utumbo unaweza kunaswa pale ukakosa damu, na hapo haitakuwa kazi ndogo tena. Alipewa siku. Zilikuwa zimebaki wiki mbili alipoingia chumbani kwetu saa nne na kusema:

"Haya, mganga wa Chamwino, niulizie na mimi. Nipasuliwe, nisipasuliwe?"

Alikuwa anacheka. Lakini kwa kawaida Kitundu hutania akiwa amesimama mlangoni, bega kwenye fremu, tayari kukimbia. Siku ile alivuta kiti akakaa. Nililiona hilo, na hapa ndipo mahali pa kwanza ninapokiri kwamba nililiona.

Akachomoa karata mbili. Ya kwanza ilikuwa Panga Tatu: moyo mwekundu umechomwa na panga tatu, nyuma yake mvua inanyesha. Ya pili ilikuwa Kifo: mifupa iliyovaa mavazi ya vita, juu ya farasi mweupe, mtu amelala chini ya kwato.

Sasa nisikilize vizuri. Ukurasa wa jozi ile nilikuwa nimeusoma juzi yake. Kijitabu kilisema karata ya Kifo mara chache huwa na maana ya kufa. Ni jambo kuukuu linalokwisha ili lipishe jingine, na ndiyo maana nyuma kabisa ya farasi kumechorwa jua katikati ya minara miwili. Ikikaa na Panga Tatu, kilisema, ni maumivu ya muda yatakayomaliza taabu ya siku nyingi. Kama ungetaka kumsomea mtu anayekwenda kupasuliwa ngiri, usingepata jozi nzuri kuliko ile. Nilikuwa na maneno hayo kichwani, tayari, hayahitaji hata kupambwa.

Lakini watu sita walikuwa wameshika vikombe, wananitazama, na mimi nina maradhi ya kupenda kuchekewa.

Nikashusha miwani. "Pole, mtani," nikasema. "Hivi ni visu vya daktari, na vipo vitatu. Cha kwanza kitakufungua. Cha pili kitakutafuta ndani. Cha tatu ndicho kitakachotuletea pilau, maana huyu mwenye farasi ameshafika mlangoni. Viatu vyako vya kahawia niandikie mimi."

Chumba kililipuka. Neema alimwaga chai. Kitundu naye alicheka, akapiga meza kwa kiganja. "Mgogo bwana, hata msiba wangu ni chakula kwako." Akainuka, akarudisha kiti mahali pake, akaenda zake.

Hakwenda kupasuliwa. Alituambia ameahirisha mpaka avune zabibu zake. Ana shamba dogo la zabibu Chamwino, na ni kweli zabibu hazimsubiri mtu. Nilimwambia ameogopa sindano. Akaniambia mbona mimi naogopa jembe. Basi, tukaendelea hivyo kwa wiki tano, kila asubuhi, na sikujua kwamba mwenzangu anatembea na maneno yangu kama mtu mwenye mwiba uliozama. Wala hakuwa na namna ya kuniuliza. Angesema "mtani, yale uliyosema ni kweli?" angekuwa ameshindwa. Sheria yetu ya kutokasirika, niliyokuwa nikiisifia hata darasani, ndiyo iliyomfunga mdomo.

Jumamosi moja, saa sita mchana, simu yangu ikaita. Alikuwa Mama Zuhura, anapiga kutoka shambani. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu.

"Mwalimu, shikamoo. Uko wapi?"

Mama Zuhura ananizidi miaka miwili. Hajawahi kuniamkia. Nikajua kuna jambo kabla hajaendelea.

"Baba Zuhura amelala hapa tangu alfajiri anajikunja. Ile kitu imevimba, imekuwa ngumu kama jiwe, anatapika. Nimetafuta gari, amekataa kupanda. Anasema akipelekwa watampasua, na wewe ulishamwambia wakimpasua anakufa. Njoo umwambie wewe."

"Mama Zuhura, ule ulikuwa utani."

"Basi njoo umtanie apande gari."

Niliendesha kwenda Chamwino. Jua lilikuwa la utosini, barabara nyeupe, malori mbele yangu, na mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Nilipanga hoja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika kwenye tatu nikashtuka, nikaanza upya kwa kutumia herufi.

Nilimkuta kwenye mkeka barazani, magoti tumboni. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi, umekuwa kama majivu yaliyopoa, na jasho lilikuwa limelowesha shati lote. Aliponiona alijaribu kutabasamu, nami ndipo nikaogopa kweli.

"Mgogo. Umefuata viatu?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia nilikosea, karata ni karatasi, zinachapishwa kiwandani, nilizinunua Majengo kwa mtu asiyejua hata ni nini. Nikamweleza mambo ya bahati na hesabu zake. Nilimfundisha, ndugu yangu. Mtu anakufa mbele yangu, na mimi namfundisha.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, polepole, kwa kuwa kila neno lilikuwa linamuuma:

"Mtani hutania kwa mdomo. Wewe ulishika kitu mkononi."

Sikuelewa. Akafumba macho, akaendelea. "Kwetu utani una mpaka. Utamwambia mtu kufa, utamwambia oza. Lakini ukishika ramli, ukishika kibuyu, hutanii tena. Anayetania na ramli mkononi hayupo. Nikajua umeona, ukaogopa kunipa wazi, ukanifungia ndani ya mzaha. Nilikushukuru moyoni."

Alinishukuru.

Hatukumshawishi. Ukweli ni kwamba alizimia, na mtu aliyezimia hawezi kukataa gari. Mimi na Mama Zuhura na jirani mmoja tulimbeba na mkeka wake, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe. Kutoka pale mpaka hospitali mjini sikumbuki njia. Nakumbuka kioo cha mbele yangu tu, kile kidogo, na ndani yake uso wa Mama Zuhura ambao haukunitazama hata mara moja, na midomo yake inayosema dua.

Walimpasua jioni ile. Utumbo ulionaswa ulikuwa umeshaoza kipande, wakakikata. Alitoka mzima. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikalala usingizi wa mtoto.

Siku ya sita tumbo likajaa, homa ikapanda. Daktari, kijana mpole aliyekuwa na uchovu machoni, alitukuta kwenye benchi akatuambia kuna mahali panavuja. "Tunarudi ndani kutafuta ni wapi," alisema.

Kutafuta. Alitumia neno langu. Cha kwanza kitakufungua, cha pili kitakutafuta ndani. Mama Zuhura hakuwepo siku ile ya chai, hakujua maneno kamili, kwa hiyo kwenye benchi lile lote ni mimi peke yangu niliyekuwa najua kinachofuata.

Na sasa nakiri jambo ambalo mkuu wa idara yangu akilisoma atacheka au atanifukuza. Niliamini. Mimi wa jogoo na jua. Saa tatu nzima walizokuwa naye mle ndani niliamini kabisa kwamba nilikuwa nimemwona yule mwenye farasi, kwamba macho yangu yaliona kabla ya akili yangu, na kwamba nimefungua kitu nisichojua kukifunga. Hofu haiulizi shahada.

Alitoka tena mzima. Lakini walikuwa wamemtolea utumbo ubavuni, ukafungwa mfuko wa kupokelea haja, na daktari akasema baada ya miezi mitatu watampasua mara ya mwisho, waurudishe ndani.

Mara ya tatu.

Kitundu aliyapokea maneno hayo kwa utulivu. Akasema hapana. Alisema ataishi na mfuko. Daktari akamweleza kwamba utumbo umetolewa mahali pa juu, kwamba maji ya mwili yatakuwa yanamtoka kila saa, na kwa joto letu na ukavu wetu huu atakauka, figo zitachoka. Akasema hapana. Wanaotaka kujua kwa nini, alisema, waniulize mimi.

Wakaniuliza. Habari ilifika chuoni kabla sijafika mwenyewe. Neema aliyemwaga chai kwa kucheka alikuja mezani kwangu akasimama kama anayesimama mbele ya kaburi. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "ulijuaje?" Baada yake walikuja wengine, mmoja mmoja, wakifunga mlango. Mhasibu alitaka kujua kuhusu uhamisho wake. Mhadhiri mwenzangu, mwenye shahada ya uzamivu kama yangu, alitaka kujua kama mkewe anamdanganya. Mwanamke nisiyemjua alinisubiri getini Area D na binti yake mjamzito, akaniuliza kama binti akubali kujifungua kwa kupasuliwa au akatae. Nilikimbilia ndani nikafunga komeo. Niliwasikia wakinong'ona nje kwa muda, kisha wakaondoka, na mpaka leo sijui binti yule waliamua nini. Huyo hunijia kichwani wakati wowote, hata nikiwa nachemsha maharage.

Ungedhani nilizitupa karata. Nilizirudisha mezani. Jumapili mchana, madirisha yakiwa yamefungwa, niliuliza swali lile lile la Kitundu na kuchomoa jozi, nikitafuta inayomwokoa. Ya kwanza haikuniridhisha, nikachomoa nyingine. Nilichomoa jozi kumi na moja. Mwanafunzi akifanya hivyo kwenye utafiti wake, yaani arudie mpaka apate jibu analolitaka, mimi humpa sifuri na kumwita ofisini.

Miezi mitatu ikapita, na mwezi mwingine juu. Kisha Mama Zuhura akaja nyumbani. Alikataa chai, alikataa kuketi kwenye kochi, akakaa kwenye stuli ya jikoni.

"Amepungua kilo kumi na mbili," alisema. "Juzi alianguka bafuni. Daktari amesema akiendelea hivi hatafika mwaka mpya. Sikuja kukulaumu, Mwalimu. Nimekuja kukutumia. Nijibu kitu kimoja. Siku ile, ulikiona kweli?"

Nilifungua mdomo. Na hapa ndipo palipo na uozo wenyewe. Nilikuwa nimemwambia Kitundu kwamba nilikosea, kwamba karata ni karatasi, kwamba ulikuwa utani. Yote hayo humwacha msemaji na heshima yake. Lile moja la kijitabu, kwamba nilijua maana nyingine nikaichagua ile ya kuchekesha, sikuwa nimemwambia mtu. Kwa sababu ndani ya hofu yote ile, ndani kabisa, kulikuwa na kitu kidogo kilichokuwa kinapenda watu wanavyofunga mlango na kushusha sauti. Mtu anayeogopwa hajioni mjinga. Ningeisema ile, ningekuwa si mganga wala msomi, ningekuwa mwanamke mzima aliyemwuza rafiki yake kwa kicheko.

"Sikuona kitu," nikamwambia. Nikamweleza yote.

Hakunitukana. Alijifunga kanga upya, akasimama. "Twende ukamwambie hivyo hivyo. Usipunguze."

Kitundu alikuwa sebuleni kwake, blanketi mapajani katikati ya joto la Oktoba. Mashavu yalikuwa yamedidimia. Aliniitikia salamu bila tusi lolote, na nikagundua kwamba nilikuwa nimelitayarishia jibu.

Nikamwambia. Kwamba ukurasa ule wa kijitabu cha karata niliusoma juzi yake. Kwamba nilijua unachosema, na hakikuwa kifo. Kwamba nilimwona anavuta kiti, nikajua anauliza kweli.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo hukuona kitu."

"Niliona watu wanasubiri kucheka."

"Na hicho kijitabu kilisema nini?"

Ningeweza kumwambia. Lilikuwa neno zuri, lingemsukuma. Lakini niliogopa kumpa karata nyingine ya kuegemea. "Kilisema jingine," nikasema. "Nalo lilikuwa karatasi. Kitundu, hakuna anayejua. Daktari peke yake ndiye anayejua kidogo."

Nilimwona anabadilika. Ilianzia shingoni, mishipa ikasimama, ikapanda mpaka machoni. Kwa miaka tisa nilikuwa sijawahi kuiona sura ile, kwa hiyo ilinichukua muda kuitambua.

"Nimelala na mauti miezi mitano," alisema. "Nimegawa shamba. Nimewaita wanangu nimewausia. Kumbe nimelala na kichekesho."

"Nisamehe."

"Miaka tisa sijakukasirikia. Leo nimekasirika. Toka nyumbani kwangu."

Nilikuwa mlangoni nikitafuta kiatu changu cha pili niliposikia anamwambia mkewe, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Mpigie daktari aniandike. Siwezi kufa kwa ajili ya mzaha wa mwanamke huyu. Na siku hiyo nisimwone pale."

Hakuniona. Niliegesha gari mtaa wa nyuma wa hospitali, upande usio na kivuli, vioo juu, kwa sababu nilihisi sistahili upepo. Nikakaa. Hofu ya siku ile ilikuwa tofauti na zile mbili za kwanza. Zile zilikuwa hofu za mtu aliyedhani ameona kitu. Hii ilikuwa ya mtu anayejua hakuona chochote, na kwamba mwenzake ameingia mle ndani na mwili uliochoka, figo zilizochoka, miezi mingi nyuma ya siku aliyotakiwa kuingia akiwa na nguvu zake. Kama angekufa, asingeuawa na karata. Angeuawa na kuchelewa, na kuchelewa kulikuwa kwangu. Nilitapika mara mbili kando ya gurudumu. Mama muuza karanga aliniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, mama, nina ujinga.

Saa nane na nusu simu ikatikisika. Ujumbe wa Mama Zuhura ulikuwa mfupi:

"Ametoka. Amezinduka. Ameomba maji. Usije."

Niliusoma mpaka kioo cha simu kikazimika. Jioni ile, jua likiwa bado juu, nilizichoma zile karata uani, nikiwa nimesimama mbali kidogo kuliko inavyomlazimu mtu anayechoma karatasi.

Amerudi kazini mwezi uliopita. Amenenepa kidogo, anatembea polepole, mkono mmoja tumboni. Asubuhi akipita mlangoni kwangu husema, "Habari za asubuhi, Mwalimu," nami humjibu, "Salama, Bwana Kitundu, habari za nyumbani?" Ni maneno ya adabu, hayana kasoro hata moja. Mfanyakazi mpya aliniambia juzi kwamba inapendeza jinsi tunavyoheshimiana mimi na afisa ugavi. Nikaomba udhuru nikaenda chooni.

Wapo ambao bado wanakuja kufunga mlango. Nawaambia nilidanganya, na wao wanatabasamu kwa huruma, kama watu wanaojua kwamba mwenye jicho hulikana jicho lake. Yule wa uzamivu ameniambia ananielewa. Hilo nalo naliogopa: neno la uongo nililisema kwa dakika moja, na la kweli nalirudia kila wiki, na la uongo bado lina wateja wengi.

Basi wewe unayesoma, sikuonyi juu ya karata. Huenda huna karata. Lakini labda una cheo, au joho, au miwani kama yangu, au unashika kipimo, au Kitabu, au hata simu yenye majibu ya haraka, na watu wanaamini mkono wako unajua. Siku moja mtu mwenye hofu atakuja kukuuliza swali huku anacheka, kwa sababu hana namna nyingine ya kuliuliza. Mjibu swali lake. Kicheko mwachie mwenyewe.